Kasoro Moja Baada ya Kahawa

Sifa isiyo ijara, ichunguze kwa makini;
Na onyo lenye kukera, mwonyaji ataka nini?

Hapo zamani, mji wa Mtondoni haukuwa na shule, lakini ulikuwa na walimu, na walimu hao hawakuwa na mkubwa. Hakuna aliyewaajiri na hakuna aliyeweza kuwafukuza. Kila mmoja alifundisha katika baraza ya nyumba yake. Mzazi aliyeridhika alimleta mtoto. Asiyeridhika alimhamishia baraza ya jirani bila ya kuaga. Ndiyo maana walimu wa Mtondoni walikuwa wakisalimiana kwa vicheko, kisha wakiachana, kila mmoja hugeuka kutazama mwenzake anaelekea nyumba ya nani.

Sasa, mtu asiye na mkubwa, nani atamwambia kasoro yake? Waliotangulia waliliona hilo, wakaweka desturi. Mwalimu alimwalika mwalimu mwenzake awe shahidi wa somo lake. Shahidi hakumtazama mwalimu. Aliketi mbele ya watoto, akampa mwalimu mgongo, kwa kuwa somo, walisema, halimo kinywani mwa anayesema. Limo usoni mwa anayesikia. Watoto wakishatawanyika, wawili hao walinywa kahawa, na kikombe kikiisha shahidi alitaja kasoro moja. Hakuruhusiwa kutaja sifa wala kasoro ya pili. Alitaja moja, iliyo kubwa kuliko zote. Naye aliyeambiwa hakuruhusiwa kujitetea. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Nimesikia."

Desturi njema, mtasema. Nami nasema ndiyo, ilikuwa njema. Lakini huyo shahidi ni nani? Ni mtu anayewataka watoto wale wale. Akikuonya, je, anakujenga au anakubomoa? Akikuficha kasoro, je, anakuhurumia au anakusubiri uanguke? Nawe umefungwa mdomo kwa neno moja. Neno likifungwa mdomoni, shaka hulala moyoni, na shaka haina desturi ya kuondoka asubuhi.

Basi walikuwapo walimu watatu wa hesabu za vipimo, yaani pishi na vibaba: Bi Somoe, Mwalimu Vuai na Mwalimu Faki.

Bi Somoe alikuwa mjane, na watoto wa baraza yake walijibu kwa pamoja, kwa sauti moja tamu, hata wapita njia walisimama kuwasikiliza. Mwalimu Vuai alikuwa mtu mpole mwenye mguu mbovu; shamba lilikuwa limemshinda, ndipo akashika chaki. Mwalimu Faki alikuwa mgeni aliyetoka mji mwingine, nadhifu, mwenye kauli iliyonyooka kama uzi wa fundi. Watoto wake walijibu mmoja mmoja, wala hawakukosea.

Siku moja Sheha Haidari, mkuu wa mji, aliwaita wote watatu mbele ya nyumba mpya ya mawe.

"Hii ni shule," alisema. "Shule ni moja na mwalimu wake ni mmoja. Atakayepewa ufunguo huu atafundisha humu mpaka achoke, na watoto wote wa mji watakuwa wake."

"Na wawili watakaobaki, Sheha?" aliuliza Bi Somoe.

"Baraza zao zitabaki na mikeka."

Hakuna aliyecheka. Sheha akaendelea. "Nitapita kila baraza. Nitaketi kama shahidi, nimpe mwalimu mgongo, niwaulize watoto mwenyewe. Lakini kwanza mshuhudiane kama ilivyo desturi. Sitaki kusikia baadaye kwamba fulani hakuambiwa kasoro yake."

Faki akamshuhudia Somoe. Somoe akamshuhudia Vuai. Vuai akamshuhudia Faki. Sikilizeni kila mmoja alichokiona, kisha msikilize alichokisema, kwa sababu hayo ni mambo mawili.

Mwalimu Faki aliketi barazani kwa Bi Somoe, akawatazama watoto. Bi Somoe aliuliza, "Pishi moja ni vibaba vingapi?" Watoto wakaitika, "Vinne!" Akauliza, "Pishi mbili?" Wakaitika, "Vinane!" Sauti ilikuwa moja, tamu, na Faki aliitazama midomo. Akaona kwamba wajuao ni wachache, na waliosalia wanawafuata kwa nukta ya pumzi, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Akamwona msichana mmoja, Riziki jina lake, anayefungua kinywa na kukifumba kwa wakati wake barabara, na hakitoki kitu.

Kahawa ikanywewa. Kikombe kikaisha.

"Bi Somoe," alisema Faki, "watoto wako wanaimba. Wengi hawajui. Vunja kuitika kwa pamoja. Muulize kila mtoto peke yake."

"Nimesikia," alisema Bi Somoe. Alipobaki peke yake alijiuliza: Mbona Faki, ambaye hajawahi kunipa hata moto wa jikoni, leo ananipa dawa?

Kisha Bi Somoe aliketi barazani kwa Mwalimu Vuai, akawatazama watoto. Vuai aliuliza, "Nusu ya pishi ni..." na mtoto hajavuta pumzi, Vuai mwenyewe akajibu, "ni vibaba viwili. Vizuri sana." Akauliza tena, akajibu tena, akasifu tena. Bi Somoe aliyaona macho ya watoto. Hayakuwa yakitafuta jibu. Yalikuwa yakimngoja mwalimu aliseme. Aliona pia, alipoingia, kwamba Vuai alikuwa amefua kanzu yake moja na kuivaa ikiwa bado na unyevu.

Kahawa ikanywewa. Kikombe kikaisha.

"Mwalimu Vuai," alisema Bi Somoe, "sauti yako ni ndogo. Wa nyuma hawakusikii."

"Nimesikia," alisema Vuai, na tangu siku ile akafundisha kwa kupaza sauti.

Kisha Mwalimu Vuai aliketi barazani kwa Mwalimu Faki, akawatazama watoto. Hakuna aliyekosea. Swali la kwanza lilikwenda kwa mtoto wa mlangoni, la pili kwa wa pembeni yake, la tatu kwa wa tatu, na majibu yakatoka kama maji mferejini. Vuai akaingiwa na shaka, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwalimu na alijua kwamba somo lisilojikwaa halitembei. Akatazama vizuri. Akaona mtoto wa nne anatikisa midomo akilisoma jibu lake kabla swali halijamfikia.

Kahawa ikanywewa. Kikombe kikaisha.

"Mwalimu Faki," alisema Vuai, "kila mtoto wako ana jibu la mahali pake. Wanaujibu mkeka, hawakujibu wewe. Wabadilishe mahali, uwafundishe upya."

"Nimesikia," alisema Faki. Desturi ilikuwa imekwisha hapo, lakini Faki alicheka. "Ndugu yangu, mchezo huo naujua. Mimi mwenyewe nimeucheza juzi kwa Bi Somoe. Nimempa neno la kweli kabisa, kwa wakati usiofaa kabisa. Akilifuata sasa, watoto wake watakuwa mabubu mbele ya Sheha. Nawe unataka nivuruge darasa langu mtihani ukiwa umekaribia? Katafute mjinga mwingine."

"Mimi nimekuambia nilichokiona," alisema Vuai.

"Nami pia nilimwambia nilichokiona," alijibu Faki, akamwaga machicha ya kahawa uani.

Je, mnaona? Mwenye hila hasumbuliwi na kuaminiwa. Husumbuliwa na kuamini.

Bi Somoe naye hakupata raha. Akiwatazama watoto wake anaona midomo, na akiiona midomo anamsikia Faki. Mwishowe akajitanda ukaya, akaenda kwa Mwalimu Vuai.

"Hodi."

"Karibu, Bi Somoe. Umekuja kunisikiliza tena? Naambiwa siku hizi nasikika hadi kisimani. Wachota maji wamekwisha jua vibaba bila ya kulipa."

Bi Somoe hakucheka. "Faki ameniambia neno baada ya kahawa."

"Neno la kahawa halitoki barazani."

"Najua. Mimi nimekwisha kulitoa. Ameniambia nivunje kuitika. Nawe umekaa kwake, umenywa kahawa yake. Niambie: ni kweli au ni mtego?"

Vuai alipima mambo mawili. Kama angelisema alilolisikia kwa Faki, angeivunja desturi. Kama angelinyamaza, angemwacha mwenzake gizani.

"Ni mtego," alisema.

Bi Somoe akasimama kuondoka.

"Na ni kweli," aliongeza Vuai.

Bi Somoe akaketi tena. "Vyote viwili?"

"Ameiona kweli, akaitafutia siku ya kukuangushia. Ukiifuata utateseka. Usipoifuata, Sheha ataiona midomo kama yeye alivyoiona."

"Na wewe unafaidika nini kuniambia haya? Mimi nikianguka, si umepunguza mmoja?"

"Nikupe jibu gani utakaloliamini?"

Bi Somoe akaurekebisha ukaya wake. Ndipo Vuai alipomtazama machoni. "Nami nikuulize, kwa kuwa leo tumekwisha kuivunja desturi. Uliponishuhudia, uliniambia kasoro yangu kubwa, au ulinichagulia nyepesi?"

Wasikilizaji, hapa ndipo penye mwiba. Bi Somoe alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na siku za kurekebisha zilikuwa bado zipo. Alikitazama kikombe, akalitazama jiko, akamtazama Vuai.

"Nilikuambia kubwa," alisema.

"Basi nitazidisha sauti," alisema Vuai.

Kwa nini alisema hivyo? Wapo wasemao ni huruma: alichelea kumvunja moyo mtu aliyekwisha kuvunjika mguu. Wapo wasemao ni aibu, kwa kuwa mwenye kusema uongo mara moja hulazimika kuulea. Na wapo, nami siwakatazi, wasemao kwamba Bi Somoe alijua kuhesabu: watatu ukitoa mmoja ni wawili.

Alirudi kwake, akavunja kuitika. Baraza iliyokuwa ikiimba ikawa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Mtoto akiulizwa peke yake alitazama miguu yake. Wengine walilia. Mama mmoja alipita akasema, "Bi Somoe, umewafanya nini kasuku wako? Wamekula pilipili?" Bi Somoe alilimeza neno hilo. Zamu ya Riziki ilipofika, msichana alifungua kinywa kwa wakati wake barabara, na kwa mara ya kwanza watu wote wakasikia kwamba hakitoki kitu. Bi Somoe hakumgombeza. Alimpa pishi, kibaba na pakacha la choroko, akaketi naye chini, akamwacha apime, amwage, akosee, apime tena. Naye akajiuma ulimi kila jibu lilipotaka kumtoka yeye. Wengine nao aliwafanyia vivyo hivyo, mmoja baada ya mmoja, na kila jioni alijilaumu kwa kumsikiliza adui.

Siku ya Sheha ikafika. Mji mzima ulimfuata.

Alianzia kwa Mwalimu Faki. Umati ulikuwa mkubwa, baraza ikajaa, Sheha akaagiza watoto waketi uani. Wakakimbilia uani kama watoto wanavyokimbilia, kila mmoja akaketi alipoangukia. Faki aliliona hilo akanyoosha mkono kuwapanga, lakini Sheha alikuwa amekwisha kuketi na kumpa mgongo.

"Nusu ya pishi ni nini?" Sheha alimwuliza wa kwanza.

"Vibaba vinane," alijibu mtoto kwa fahari.

"Pishi mbili ni vibaba vingapi?" alimwuliza wa pili.

"Nusu kibaba," alijibu huyo, kwa fahari iliyozidi ya mwenzake.

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema, "Mwalimu Faki, watoto wako wameota mizizi, ukiwahamisha wanakauka."

Wakaenda kwa Mwalimu Vuai. Watoto waliketi, Sheha akaketi, Vuai akasimama nyuma ya mgongo wa Sheha.

"Nusu ya pishi ni nini?" aliuliza Sheha, akangoja.

Watoto nao wakangoja. Sheha akamwuliza mwingine, akangoja. Akaona jambo: macho ya watoto hayakumtazama yeye. Yalipita juu ya bega lake, yote, yakatua kwa Vuai, yakakaa hapo yakisubiri jibu lishuke kama lilivyozoea kushuka. Vuai aliyaona macho hayo, akajiona mwenyewe ndani yake. Kisha akageuza shingo, akamtazama Bi Somoe katikati ya umati. Yeye alikuwa ameketi palepale alipoketi Sheha. Alikuwa ameyatazama macho yaleyale.

Bi Somoe akainamisha uso.

Wakaenda kwa Bi Somoe. Watoto walikuwa wazito. Mmoja alijibu, mmoja alikosea, mmoja alikosea akajirekebisha. Hapakuwa na wimbo. Sheha akamwelekea Riziki.

"Nina pishi moja ya choroko na nyumba nane za kugawia. Kila nyumba ipate sawa. Nyumba moja itapata nini?"

Riziki alinyamaza. Watu wakanong'ona. Vidole vyake vikatembea magotini.

"Pishi ni vibaba vinne," alisema, kwa sauti ambayo mji ulikuwa haujaisikia. "Nyumba ni nane. Nyumba mbili zitagombea kibaba kimoja."

"Basi?"

"Basi wasigombane. Kila moja ichukue nusu kibaba."

Sheha alicheka, akasimama, akatoa ufunguo. "Katika mji huu wote, leo nimemwona mtoto mmoja akifikiri. Aliyemfikisha hapa ndiye mwalimu wa shule." Akamnyooshea Bi Somoe ufunguo.

"Ngoja, Sheha," alisema Mwalimu Faki. "Isingekuwa mimi, mtoto huyu angekuwa bado anafungua kinywa kitupu. Mimi ndiye niliyeuona mdomo wake. Mwalimu wake alikuwa naye asiuone. Mimi ndiye niliyesema, vunja kuitika. Neno ni langu."

"Ulilisema umwangushe," alisema Vuai. "Uliniambia mwenyewe."

"Nalikiri," alisema Faki. "Mji nilikotoka nao ulijenga shule moja, ukanitupa kama ganda. Nilikwisha kuapa sitatupwa mara ya pili. Lakini nijibuni: dawa huponya kwa dawa, au huponya kwa moyo wa mganga? Nilikuwa na kinyongo, na neno langu lilikuwa safi. Mwingine hapa alikuwa na huruma; nimeuona uso wake ukiinama. Muulizeni Vuai huruma hiyo imemfikisha wapi."

Sheha akamgeukia Vuai. "Nawe?"

"Isingekuwa mimi," alisema Vuai, "neno la Faki lingetupwa jaani. Bi Somoe alikuja kwangu akiliogopa. Nilimwambia ni mtego, na nilimwambia ni kweli. Ningesema la kwanza tu, leo watoto wake wangekuwa wanaimba, nanyi mngewacheka pamoja na wa Faki. Nilivunja desturi, na nilimpa mshindani wangu kamba ya kunipandia. Tena mimi peke yangu ndiye niliyemwambia kila mtu kweli bila ya kutaka kumwangusha. Faki niliyemwonya hakunisikia. Na aliyepaswa kunionya mimi..." Hakumaliza. Alimgeukia Bi Somoe. "Uliketi pale. Uliyaona macho?"

"Niliyaona."

"Nikakupa nafasi ya pili, nikakuuliza."

"Uliniuliza," alisema Bi Somoe. Watu walisubiri aseme sababu, hakuisema. Alimgeukia Sheha. "Isingekuwa mimi, mtoto huyu angekuwa na maneno ya walimu wawili na asijue kibaba. Faki aliona mdomo, akaondoka. Vuai alisema kweli, akabaki barazani kwake. Aliyeketi chini na Riziki ni mimi. Aliyechekwa na wapita njia ni mimi. Niliinywa dawa ya adui nikijua ni ya adui. Nilimdanganya Vuai, naam, na hilo ni deni langu kwake. Riziki sikumdanganya."

Umati ukagawanyika. Wengine walisema ufunguo ni wa aliyeona. Wengine walisema ni wa aliyesema kweli. Wengine walisema ni wa aliyefanya kazi. Na wengine, waliozoea mambo ya Mtondoni, walinong'ona kwamba huenda watatu hao walikuwa wamepatana tangu mwanzo.

Sheha aliurudisha ufunguo kiganjani, akakifumba. "Sitawapa hukumu yangu kabla ya yenu," alisema. "Ninyi ni mashahidi kwa kazi. Basi shuhudianeni. Anayejua moyoni mwake kwamba mwenzake amemzidi haki, aketi chini."

Bi Somoe alimtazama Vuai, akaketi. Vuai alimtazama Riziki, kisha akamtazama mwalimu wa Riziki, akaukunja mguu wake mbovu taratibu, naye akaketi. Wasemao aliketi kwa haki wapo. Wasemao aliketi kwa hasira, asitake kupewa kitu mbele ya yule mwanamke, wapo pia.

Enyi mnaosikiliza, msiniulize mimi. Mmoja aliona kweli akaitumia kama kisu. Mmoja alisema kweli kwa wote, watoto wake wakabaki kimya. Mmoja alifundisha kweli, akamnyima mwenzake kweli hiyohiyo. Ufunguo ungali kiganjani mwa Sheha. Je, nani alistahili?

Aliyebaki amesimama alikuwa Mwalimu Faki.